Mvua ya Kwa Watu: kisa cha korongo lililojaa chini ya nyota

Sitataja kijiji wala mwaka, kwa sababu mama wa kijana nitakayemsimulia bado anauza karanga palepale stendi, na anafuatilia habari kuliko mimi. Niseme tu kwamba ni mkoa wa Dodoma, upande ambao makorongo yanashuka kutoka vilima vya kaskazini kuelekea mbuga za Bahi. Ilikuwa Januari, siku ya mnada.

Wakati huo nilikuwa mtangazaji wa redio ndogo ya kijamii. Kila jioni, kabla ya salamu za wasikilizaji, nilikuwa nasoma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA. Kwa hiyo kwenye kisa hiki mimi si mpelelezi wala mtaalamu. Ni mmoja wa watu ambao taarifa ilipita mikononi mwao kabla ya kukwama.

Saa tatu kasoro usiku, kirikuu iliyotoka mnadani ikiwa na watu 11, mbuzi sita na magunia mawili ya mtama ilishuka korongoni. Korongo halina daraja. Ni mchanga mtupu, mweupe, upana wake hatua sabini hivi, na kiangazi akina mama huchimba visima humohumo kuteka maji. Madereva wanaovuka hapo wana sheria moja: ukiingia usikanyage breki, ukisimama umezama. Ile kirikuu ilisimama katikati, tairi za nyuma zikaingia mchangani hadi kwenye ekseli. Wanaume wakashuka kusukuma, wengine wakabaki juu kushika mbuzi. Anga lilikuwa safi, nyota zimetapakaa. Pale kijijini palikuwa hapajanyesha kwa siku 17.

Wa kwanza kusikia alikuwa dereva wa bodaboda aliyekuwa ametangulia kuvuka. Aliniambia ilikuwa kama tipa inamwaga kokoto mahali fulani mbali, ila kokoto haziishi. Halafu ikaja harufu ya udongo uliolowa, ile ya mvua ya kwanza, na juu hakuna hata wingu. Akageuza pikipiki, akawasha taa, akapiga honi mfululizo. Waliokuwa wanasukuma walidhani anawatania kwamba wanachelewa.

Maji yalikuja meusi, yamebeba matawi, povu na mavi ya ng'ombe, kimo cha goti. Mtu aliyezoea bwawa hudhani maji ya goti ni ya kuvuka akikunja suruali. Yakiwa yanakimbia, maji ya goti yanamng'oa mtu mzima miguu, na yakiongezeka kidogo tu yanainua gari dogo kama sufuria tupu. Dakika chache baadaye yalikuwa kifuani. Watu kumi walitoka, watatu kati yao kwa kushikilia kamba iliyokuwa imefunga mbuzi. Kondakta, kijana wa miaka 19, alirudi kufungua bodi la nyuma ili mbuzi wapate kutoka. Alipatikana siku ya pili, mbali sana chini, mchanga umemfunika hadi mabegani.

Asubuhi ile korongo lilikuwa limeshapungua na kubaki vijito. Saa nne watoto walikuwa wanafinyanga ng'ombe wa tope.

Siku ya nne kukawa na mkutano wa kijiji, na neno lililorudiwa na kila aliyesimama lilikuwa moja: hatukuambiwa. Nilikuwa nimesimama nyuma, chini ya mbuyu, mfukoni nina karatasi niliyoisoma redioni jioni ya kuamkia siku ile. Tulikuwa tumeambiwa. Mimi ndiye niliyewaambia.

Taarifa ilitolewa alasiri, siku moja kabla ya mnada. Wanaofuatilia TMA wanajua muundo wake: ramani ya nchi kwa siku tano, na kila siku ina ngazi yake. Ipo siku isiyo na tahadhari yoyote, kisha angalizo, kisha tahadhari, na juu kabisa tahadhari kubwa. Ya siku ile ilikuwa angalizo. Ilisema vipindi vya mvua kubwa vinatarajiwa katika maeneo machache ya mikoa ya kati, uwezekano wa kutokea ni wastani, athari ni za wastani, na kwamba baadhi ya makazi yanaweza kuzungukwa na maji na usafiri ukachelewa. Kisha ule mstari wa mwisho wa kawaida, wa kuwaomba watu wazingatie na wajiandae.

Kwa kipimo chochote cha haki, utabiri ule ulikuwa sahihi. Ukanda mvua, ule mkanda wa mawingu unaohama kaskazini na kusini kulifuata jua, ulikuwa umeshuka kusini, upepo wenye unyevu kutoka misitu ya Kongo ulikuwa unasukuma kuja mashariki, na hewa ya namna hiyo ikikutana na vilima vilivyopigwa na jua mchana kutwa, mawingu ya radi hujengeka kuanzia saa nane. Hayo mtabiri anayaona kwenye picha za setilaiti, vipimo vya vituo na mahesabu ya kompyuta. Asichoweza kukiona siku moja kabla ni wingu lenyewe. Wingu la radi moja linaweza kuwa na upana wa kilomita tano, na miundo ya kompyuta inayotazama dunia nzima inaigawa ardhi katika vipande vyenye upana unaozidi huo. Inakuambia kesho kati ya vilima hivi patapikwa kitu. Haikuambii sufuria itakaa jiko lipi. Rada inasaidia, na Mamlaka imekuwa ikizijenga, ikianza na Dar es Salaam na Mwanza, lakini rada inaona mvua ambayo tayari inanyesha. Huo ni msaada wa saa chache. Kwa kisa chetu saa chache zingetosha sana, na nitarudi hapo.

Kwa hiyo "maeneo machache" si maneno ya kujihami, kama nilivyozoea kutania redioni. Ni ukweli wa sayansi yenyewe: mvua itapiga hapa na pale, na penginepo patabaki pakavu. Kijiji chetu kilikuwa miongoni mwa pakavu, na ndipo mtu alipofia.

Mvua ilinyesha vilimani, kama kilomita 30 kaskazini, kuanzia saa tisa na nusu alasiri. Mwenye duka wa huko alisema ilikata kabla ya saa kumi na mbili. Hakukuwa na kipimo cha mvua karibu, kwa hiyo siwezi kusema ilikuwa milimita ngapi, lakini hesabu ya jumla mtu anaweza kuifanya kwenye meza ya chai. TMA huita mvua kubwa ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita moja ni lita moja kwenye kila mita ya mraba. Chukua milimita 50 juu ya kilomita za mraba 100 tu za vilima: ni mita za ujazo milioni tano. Hata kama theluthi mbili zitanywewa na ardhi, zinabaki zaidi ya milioni moja na nusu zinazotafuta njia ya kushuka, na njia ni moja. Maji ya korongo yakienda mita mbili kwa sekunde, kilomita 30 yanazimaliza kwa saa nne na dakika chache. Mvua ya saa kumi na kitu inafika kijijini saa tatu usiku. Hapo hakuna miujiza wala laana, ingawa zote mbili zilitajwa mkutanoni.

Na ardhi yenyewe hainywi sana. Vilima vya Kondoa na majirani zake vilichunwa na mifugo na ukataji miti miaka mingi, mpaka serikali ikaanzisha mradi wa hifadhi ya ardhi, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 ikaondoa mifugo kabisa kwenye eneo lililoharibika vibaya. Huko nafuu ilionekana. Lakini nje ya mipaka ile viko vilima vingi ambavyo tone la mvua linavikuta vigumu kama sakafu ya tembe, linateleza tu. Mchanga wote ule unaotuzamishia magari ulikuwa shamba la mtu huko juu.

Sasa nirudi kwenye karatasi iliyokuwa mfukoni mwangu.

Dodoma inapata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, yote katika msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Hatuna vuli na masika kama watu wa pwani. Katikati ya msimu mara nyingi mvua hukata, wiki mbili, wakati mwingine tatu, mahindi yanajikunja majani kama sigara na hata uwele unaanza kuonyesha uchovu. Mkulima wa hapa kwa siku hizo hazungumzi kitu kingine. Sasa fikiria siku ya 16 ya ukavu, redio inasema: mvua kubwa inatarajiwa mikoa ya kati. Unadhani amesikia hatari?

Milimita 50 kwa siku moja ni karibu sehemu ya kumi ya mvua yetu ya mwaka mzima. Kwa mtu wa Dar es Salaam wa bondeni Msimbazi, "mvua kubwa" ni kuhamisha godoro. Kwa Mgogo mwenye ekari nne za mtama unaonyauka, ni jibu la sala. Nami niliisoma hivyo. Nilisema, nakumbuka vizuri, "wakulima, neema hiyo inakuja, andaeni majembe," kisha nikaruka kwenye wimbo. Sehemu ya athari zinazoweza kutokea sikuisoma kabisa. Ilikuwa imebaki dakika moja na nusu kabla ya salamu, na salamu zinalipiwa.

Mwenyekiti wa kijiji naye alikuwa amepata ujumbe. Nilipomtembelea nyumbani, baada ya shikamoo na uji, nilimuuliza aliufanyia nini.

"Mwanangu, niliusoma. Ulisema mvua kubwa kesho. Nikatoka nje nikatazama juu. Nikasema Mungu akipenda."

"Hukuwaza korongo, mzee?"

"Korongo nililiwaza asubuhi, nikaona hapajanyesha. Hiyo mvua haikuwa yetu. Ilikuwa ya kwa watu."

Hiyo ndiyo sentensi niliyoondoka nayo. Kila mtu pale anajua korongo hujaa kwa mvua ya kwa watu. Wazee wanajua, wachunga mbuzi wanajua, hata mimi nilijua. Lakini tahadhari ilipokuja iliongelea mvua, na kila mmoja akainua macho kutazama anga lake. Hakuna aliyeulizwa kuhusu maji.

Ujumbe wenyewe ulifikaje kwa mwenyekiti? Ulitoka mkoani ukiwa faili lenye ramani, ukaingia kundi la simu la wilaya, kisha la kata. Mtendaji mmoja alikuwa hana bando hadi saa moja usiku. Alipofungua alikuta jumbe zaidi ya 40: msiba, michango ya harusi, kikao cha lishe, picha ya fahali aliyepotea, na ramani. Mwenyekiti anatumia kitochi, picha hazifunguki, kwa hiyo mtendaji akafupisha kwa meseji ya kawaida. Ramani yenye rangi, ngazi, uwezekano na athari ikawa maneno sita: kesho mvua kubwa, tuwe makini wote. Simlaumu. Mimi nilikuwa na dakika nzima ya redio na nikafanya vibaya zaidi yake.

Wapo watakaosema wa kulaumiwa ni mtabiri, angetaja korongo. Hapana, na ni vizuri kujua mgawanyo wa kazi kabla ya kunyoosha kidole. Kutoa tahadhari ya hali mbaya ya hewa ni kazi ya TMA kisheria. Ilianza kama wakala wa serikali mwaka 1999 na ikawa mamlaka kamili kwa Sheria Namba 2 ya mwaka 2019. Lakini maji yakishagusa ardhi yanaingia himaya nyingine, ya bodi za maji za mabonde. Na hapa Dodoma tumekaa kwenye mgongo wa mabonde: Mto Bubu unaingia mbuga za Bahi na uko chini ya Bonde la Kati, ambalo makao yake yako Singida, Kinyasungwe unaelekea Wami, maji ya kusini yanakwenda Mtera na Rufiji. Kumtoa mtu kwenye hatari ni kazi ya kamati za maafa, ambazo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inazitaka ziwepo kuanzia taifa hadi kijiji. Anga lina mwenyewe, mto una mwenyewe, watu wana mwenyewe. Korongo lisilo na jina kwenye ramani, linalopita maji siku kumi kwa mwaka, linaanguka katikati ya hao watatu.

Jirani zetu wa Hanang walilipia pengo la namna hiyo kwa bei ambayo haina mfano. Tarehe 3 Desemba 2023, alfajiri, tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang yakaifukia sehemu ya Katesh na vijiji vya karibu; waliokufa walizidi 80. Msimu ule ulikuwa wa El Niño, na TMA ilikuwa imeshatangaza mapema kwamba mvua zitakuwa juu ya wastani. Watu walijua mvua ni nyingi. Kwamba mlima ulioshiba maji unaweza kumeguka na kuja mjini kabla watu hawajaamka, hiyo ni habari nyingine, na haipatikani kwenye kipimo cha mvua. Tangu hapo, nikisikia mtu anasema "utabiri ulikuwepo," huwa nauliza: utabiri wa nini?

Tulichofanya baada ya ule mkutano hakikuhitaji mtaalamu. Mkutano ulipovunjika, yule dereva wa boda alimfuata mwenye duka wa vilimani aliyekuwa amekuja msibani. Wakabadilishana namba. Basi. Makubaliano yalikuwa kwamba korongo la huko juu likijaa kupita jiwe fulani jeupe karibu na duka lake, anapiga simu. Boda ana filimbi. Siku za mnada akipigiwa anakwenda kivukoni, na hakuna gari linaloshuka mpaka maji yapite au hadi asubuhi.

Mimi kwa upande wangu niliomba dakika tatu badala ya moja na nusu. Utabiri wenyewe siuongezi chumvi, nausoma kama ulivyotolewa, pamoja na athari zake zote. Kikija kipengele cha angalizo nasema sentensi moja ya ziada: hata kwako kusiponyesha, korongo lako linaweza kujaa usiku. Kwa muda nilitaka kutaja makorongo kwa majina, nikaacha, maana nikitaja sita, watu wa la saba watalala usingizi.

Msimu uliofuata simu kutoka vilimani ilipigwa mara tatu. Mara ya kwanza maji yalifika, saa nne usiku, na mafuso mawili yalikuwa yamesimama ng'ambo yakisubiri. Mara ya pili hayakufika kabisa. Mchanga ulikuwa mkavu mno, ukayanywa njiani yote. Wafanyabiashara wa mbuzi waliokaa kivukoni hadi saa saba walimtukana boda matusi ambayo siwezi kuyaandika, na mmoja alidai alipwe mbuzi aliyekufa kwa kubanana. Nilijua hiyo ndiyo siku mpango utakufa. Filimbi ikilia bure mara mbili au tatu, ya nne hainyanyui mtu. Watabiri wenyewe wana kilio hichohicho, wakitoa angalizo na anga likabaki safi, watu wanacheka mwaka mzima. Mimi naona hasara ya mbuzi mmoja inavumilika, lakini ni rahisi kwangu kusema hivyo, mbuzi hakuwa wangu.

Mara ya tatu simu iliita saa moja usiku, na boda hakupokea, alikuwa amepeleka mgonjwa. Mwenye duka akampigia mama wa yule kondakta, namba aliyoipata msibani. Mama akaacha karanga zake kwa jirani, akatembea hadi kivukoni na tochi ya simu, akasimama katikati ya njia. Dereva wa kwanza alimtambua akazima injini bila kuuliza.

Kamati ya maafa ya kijiji ipo sasa kwenye karatasi, ina mwenyekiti na katibu. Hoja ya kumlipa boda shilingi 5,000 kwa kila siku ya mnada wakati wa mvua iliahirishwa vikao viwili mfululizo kwa kukosa kifungu cha fedha, na filimbi ya kwanza ilipopasuka alinunua nyingine kwa hela yake.